Chai ya Chumba cha Ishirini na Nne

Foleni ya kukalia kiti kimoja ilikuwa imefika hadi kwenye lifti.

Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, walikuwa wamejipanga toka saa tatu asubuhi ili kila mmoja akae dakika tano kwenye kiti cha ngozi kilichowekwa katikati ya ukumbi mkubwa wa hoteli, mbele ya spika mbili ndefu kuliko mlango. Hapo ndipo sauti ya kushoto na ya kulia hukutana. Ukikaa pembeni unasikia muziki, waliambiwa. Ukikaa hapo unamsikia mwimbaji amesimama mbele ya uso wako. Bei ya spika hizo ingejenga nyumba ya vyumba vitatu na ua wake. Iliandikwa kwa herufi ndogo chini ya kibao, kama vile walioiandika waliona haya, ingawa watu wa kampuni iliyozileta hawajawahi kuona haya ya jambo lolote.

Kiti kilipoachwa wazi, watu wawili walikiendea kwa pamoja.

Mmoja alitoka kwenye foleni. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na miwili, amevaa ovaroli ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikawa kama kisu, kitambaa chekundu kichwani, na alama ya kuungua na chuma cha kulehemu juu ya kidole gumba. Kwenye karakana yake ya kutengeneza spika walimwita Fundi Koili, kwa sababu hakuna spika iliyoungua waya wake wa ndani ambayo alishindwa kuizungushia mwingine.

Wa pili alitoka pembeni, kwenye kamba ya wageni wa heshima. Alivaa kizibao cha kijivu, shati jeupe, na kadi ya uandishi shingoni. Watu wa biashara ile walimwita Bwana Sikio. Kila mwaka alizunguka vyumba vyote vya maonyesho, akaandika alichosikia kwenye gazeti la maonyesho lililotoka kila asubuhi, na alichoandika kilinunuliwa.

"Samahani, dada," alisema. "Mimi ni wa gazeti."

"Na mimi ni wa foleni."

"Nina dakika tano tu."

"Mimi nilikuwa na saa moja na nusu. Nimeimalizia hapo nyuma."

Foleni ilicheka. Bwana Sikio naye alicheka, akarudi hatua mbili na kumwonyesha kiti kwa mkono kama mtu anayemkaribisha mgeni kwake. Fundi alikaa, akafumba macho. Wimbo ulianza. Nusu dakika haikuisha, akainuka.

"Mbona mapema?" Bwana Sikio aliuliza.

"Nisikilize nini? Spika ya kushoto imefungwa kinyume."

Meneja wa Mauzo alikuja mbio huku viatu vyake vikimeta. "Dada yangu, hizi zimefungwa na wahandisi."

"Basi wahandisi wako wameweka waya mwekundu penye mweusi. Hebu, nyote mnaosikia, mwimbaji yuko wapi? Nionyesheni kwa kidole."

Watu wakanyoosha vidole. Kimoja kilielekea dirishani, kingine darini, kingine mlango wa choo. Mzee mmoja alielekeza nyuma yake.

Bwana Sikio aliweka daftari lake juu ya kiti. Alipiga magoti na suruali yake safi nyuma ya spika ya kushoto, akachungulia, kisha akamtazama Meneja kwa muda mrefu. Nyaya zilibadilishwa. Wimbo uliporudi, mwimbaji alikuja akasimama katikati, umbali wa mikono miwili, na besi ikaingia miguuni mwa watu.

Fundi aliona daftari la yule bwana likiwa wazi. Asubuhi hiyo, kabla ya foleni, bwana huyo alishakaa kwenye kile kiti, akaandika: *Sauti pana, isiyo na mipaka, kama anga.* Hilo ni kosa la wenye masikio ya thamani pekee. Mtu wa kawaida angesema tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Bwana Sikio alichomoa kalamu na kuyakata maneno yale mbele yake, mstari mmoja mnene.

"Nimeandika ujinga," alisema, wala hakushusha sauti.

Fundi hakuwahi kumsikia mwanaume mwenye kizibao akisema hivyo. Aligeuza uso ili asione anavyotabasamu.

"Na wewe unaonyesha wapi?" Bwana Sikio aliuliza.

"Ishirini na nne. Chini kabisa, baada ya chumba cha kufulia mashuka. Ukipotea, fuata harufu ya vanishi."

Chumba cha ishirini na nne kilikuwa kidogo, pazia lake limekosa kulabu mbili, na ndani mlikuwa na spika mbili za mbao zilizorandwa na mjomba wa Fundi, seremala mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Koili alizungusha Fundi mwenyewe, kwa mashine ya mkono ya mama yake.

Mashine hiyo ina habari yake. Kampuni ya ukumbi mkubwa, enzi ikitumia nembo nyingine, ndiyo iliyonunua kiwanda cha redio alichofanyia kazi mama huyo, na kukifunga ndani ya wiki tatu. Waliambiwa watu siku hizi hawatengenezi, wananunua. Wanawake themanini na wawili waliokuwa wakizungusha koili walipewa kila mmoja kikombe chenye picha ya kiwanda. Kikombe! Miaka kumi na tisa ya macho na vidole, kikombe. Mama Fundi alikiacha mezani, akabeba mashine kifuani na kutoka nayo mlango wa mbele, na mlinzi alikuwa na adabu ya kutazama kwingine. Kampuni imesahau. Iliajiri watu maalumu wa kuisahaulisha. Lakini katika nyumba moja, kila siku baada ya chakula cha jioni, msichana alikaa sakafuni akifundishwa kuhesabu mizunguko.

Sasa msichana huyo alikuwa na nafasi moja. Ukumbi wa michezo ya kuigiza wa mji ulitafuta spika mpya, na Mkurugenzi wake alikuwa anapita kwenye maonyesho. Akizichukua za mbao, karakana itaishi, na wanawake sita wa kiwanda kile watarudi kazini. Asipozichukua, karakana inafungwa mwisho wa mwezi, maana spika za siku hizi zinabandikwa kwa gundi na hakuna tena anayeleta cha kutengeneza.

Bwana Sikio alifika saa nane mchana. Alisikiliza wimbo mmoja, akaomba wa pili, akaomba ule wa kwanza tena. Alisahau kuandika.

"Shikamoo, mzee," alimwambia seremala. "Mbao hizi umeziunga bila msumari?"

"Marahaba. Msumari wa nini? Unalia." Mjomba alifungua chupa ya chai. "Karibu, mwanangu."

Bwana Sikio alikipokea kikombe, akakitazama, akamtazama Fundi aliyekuwa amekaa juu ya kasha akining'iniza miguu. Kisha akanywa mpaka tone la mwisho.

"Nikuongeze?"

"Niongeze, mzee."

Mjomba na mpwawe hawakujua walichokishuhudia. Kwa miaka kumi na moja mtu yule hakuwahi kupokea hata maji kwenye chumba cha maonyesho. Ilikuwa sheria yake: mwenye chumba akikupa kitu ukapokea, huna tena haki ya kumwandika. Vyumba vyote ishirini na vitatu vya juu viliijua. Bwana Sikio alidhani na cha ishirini na nne kinaijua, hivyo alipokunywa vile vikombe viwili alikuwa anatamka jambo ambalo ulimi wake usingeweza siku ya kwanza. Alitoka mle ndani akijiona ameshasema yote.

Alipiga simu saa kumi na moja, Fundi akiwa kituo cha basi.

"Nani mwenzangu?"

"Mtu wa foleni ya pembeni."

"Ahaa, mruka foleni! Namba yangu umeipata wapi?"

"Imeandikwa kwenye kadi ya chumba chako, chini ya neno 'karakana.' Nimeisoma mara nane."

"Mara nane, na bado hujaishika kichwani?"

"Naishika. Nataka tu kuisoma. Na ulivyokaa juu ya lile kasha."

"Nilikaaje?"

"Kama mwenye nyumba."

"Mimi ndiye mwenye nyumba, bwana. Kesho utapita?"

"Kesho, kesho kutwa, na maonyesho yakiisha nitapita karakana."

"Utakuja kufanya nini karakana na hicho kizibao?"

"Nitakivua, laazizi."

Neno hilo lilimfanya aache basi lake liondoke, na wala halikuwa limejaa.

Asubuhi ya siku ya pili Mjomba alishuka ngazi na gazeti mkononi, mwendo wake ukiwa wa mtu anayepeleka habari za hospitali. Vyumba ishirini na vitatu viliandikwa. Hata mfanyabiashara aliyeuza miguu ya kusimamishia spika alipata mistari sita. Chumba cha ishirini na nne hakikuwemo. Na juu ya ukurasa palikuwa na tangazo: Mkurugenzi wa ukumbi wa michezo atatembelea vyumba vilivyotajwa.

Fundi alipiga simu akiwa amesimama chooni, maji yakiwa yamefunguliwa ili Mjomba asisikie.

"Mpenzi, nilikuwa karibu—"

"Usiniite mpenzi. Umeandika mpaka miguu! Mtu anauza miguu ya vyuma umempa mistari sita! Changu kiko wapi?"

"Siwezi kukiandika. Si unajua?"

"Najua nini?"

"Nilikunywa chai."

Fundi alipunguza maji ili asikie vizuri.

"Ulikunywa nini?"

"Chai. Vikombe viwili."

"Ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa tamu. Hapo ndipo penye tatizo."

"Sikiliza, bwana. Kama umeona haya kuweka jina langu kwenye mstari mmoja na wale wakubwa, niambie hivyo hivyo, mimi si mtoto. Usinisingizie chai ya mjomba wangu."

"Haya? Mimi?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo ulinikaribisha ili nikuandike?"

"Na wewe ulidhani nimekodi chumba hoteli ili nipate mchumba?"

Akakata. Kila mmoja alibaki na simu mkononi na kosa la mwenzake moyoni, na kila mmoja aliliona kosa hilo kubwa kuliko ukumbi.

Mama yake Fundi alipiga baadaye kidogo, kwani Mjomba hana siri.

"Huyo mwanaume anafanya kazi gani?"

"Kusikiliza, mama."

"Analipwa kwa kusikiliza?"

"Ndiyo."

"Makubwa! Baba yako nilimwomba bure miaka thelathini." Kisha sauti ya mama ikabadilika. "Sasa, umekaa unalia?"

"Silii."

"Mimi nilipotoka pale sikungoja mtu aniandike. Huyo Mkurugenzi ana miguu? Anatembea? Basi anafikika."

Fundi alifunga maji, akanawa uso, akapanda ngazi.

Mkurugenzi wa ukumbi wa michezo alikuwa mwanamke mnene, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, mwenye sauti iliyozoea kufika safu ya mwisho bila kipaza sauti. Alikuwa akitoka ukumbi mkubwa, Meneja wa Mauzo akimfungulia mlango.

"Mama, shikamoo. Naomba dakika moja. Gazeti limeniacha, lakini wewe hununui gazeti, unanunua spika."

"Nani huyu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Fundi wa mtaani," alisema Meneja. "Jana alituletea fujo kidogo."

"Jana niliwafungia nyaya zao," Fundi alisema. "Mama, ninaomba pazia. Za kwao na za kwangu nyuma ya kitambaa cheusi. Usione mbao, usione bei. Masikio yako tu. Ukinikataa hapo, nitabeba vyangu na sitakusumbua tena maisha yangu yote."

"Hatufanyi mambo ya kitoto," Meneja alidakia.

Mkurugenzi alivaa miwani, akamtazama Meneja, kisha Fundi, hasa kwenye kidole gumba. "Anayekataa pazia namfuta kwenye orodha," alisema. "Kesho saa nne. Na sitaki nyimbo zenu. Nitakuja na sauti ya mwigizaji wangu."

Siku ya tatu Fundi aliacha ovaroli. Alivaa gauni la zambarau lililomkaa vizuri mabegani, mikono imekunjwa hadi viwikoni kwa sababu kazi ni kazi. Walipokuwa wakipandisha spika, Mjomba aliweka upande wake chini.

"Mpwa wangu, nimeongea na yule wa miguu ya vyuma. Anasema huyo bwana wako hanywi kitu. Miaka kumi na moja! Kuna mwaka alizimia kwa joto, wakampa maji, akazinduka akaisukuma glasi. Akinywa kwenye chumba, hakiandiki chumba hicho. Kwetu kanywa viwili."

"Na wewe ukamwongeza!"

"Niliona mtu ana kiu!"

Fundi alikaa kwenye ngazi na gauni lake zuri. Mjomba akamnyooshea gazeti la asubuhi. Mwisho wa ukurasa, bila kichwa cha habari, palikuwa na maneno haya: *Chumba cha ishirini na nne sikukiandika. Nilikunywa chai humo kwa hiari yangu. Wanaonijua wameelewa. Wasionijua waende wasikilize wenyewe, wasiniulize mimi.*

Alisoma mara moja tu. "Inua, Mjomba," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya jana.

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Kitambaa cheusi kilitandazwa ukuta hadi ukuta. Mkurugenzi alikaa kiti cha katikati, wafanyakazi wake wawili kando yake.

"Nani atakuwa nyuma akibadilisha?" aliuliza. "Nataka mtu anayeaminiwa na wote."

Vichwa vyote, pamoja na cha Meneja, viligeukia ukutani aliposimama Bwana Sikio. Hakuwa na kizibao wala daftari.

"Mimi siwezi," alisema. "Mimi nina upande."

"Upande gani?" Meneja aliruka. "Wewe ni gazeti!"

"Nampenda mwenye spika za mbao. Nikigusa kitu hapo nyuma, hata akishinda kwa haki mtasema nimempendelea. Na atashinda. Sitaki ushindi wake uwe na alama ya mkono wangu."

Mtu akapiga mluzi. Mtu aliyekaa miaka kumi na moja bila kupokea hata maji alikuwa ameimwaga kazi yake sakafuni mbele ya watu mia. Fundi alimtazama moja kwa moja, watu wote wakiona.

"Umesikia, mama," alimwambia Mkurugenzi. "Tafuta mwingine. Huyu ni wangu."

Aliyebadilisha alikuwa mhudumu wa hoteli asiyejua spika wala koili. Sauti ya mwigizaji ilisoma maneno yaleyale mara mbili. Ya kwanza ilikuwa nene, ya kutetemesha vifua. Ya pili ilikuwa mtu. Aliponong'ona, ilisikika midomo ikiachana.

"Ya pili," alisema Mkurugenzi. Mfanyakazi mmoja alikubali. Mwingine alichagua ya kwanza, kwa ajili ya besi.

"Wewe nenda kapige ngoma, sisi tunaigiza. Ondoa pazia."

Mbao zilipoonekana upande wa pili, waliokaa foleni siku ya kwanza walishangilia kama wao ndio walioziranda. Mkurugenzi alingoja watulie.

"Zikiungua?" alimuuliza Meneja.

"Haziungui, mama."

"Sikukuuliza hivyo."

"Zinarudishwa kiwandani, ng'ambo. Miezi minne, mitano."

"Nina onyesho kila Ijumaa." Akageuka. "Na zako, binti?"

Fundi alichomoa bisibisi kwenye mfuko wa gauni, akafungua skrubu nne, akatoa spika ya ndani na kuipakata, koili yake ikionekana. "Ikiungua Jumatano, nazungusha Alhamisi. Na nikiugua mimi, wapo wanawake sita wanaoijua kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Waliipoteza kwa hawa hawa." Alimtazama Meneja. "Mlisema watu hawatengenezi. Sisi tupo."

Mkurugenzi aliomba kalamu ya kutia sahihi. Bwana Sikio ndiye aliyempa yake.

Baadaye, kwenye korido, wawili hao walisimama wakitazamana kama watu waliopoteana sokoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nimeshasema."

"Kwa kikombe? Mimi fundi, mpenzi. Vitu vyangu navitaka vimefungwa vizuri, nyekundu kwa nyekundu. Ukinipenda, tumia mdomo."

"Nakupenda."

"Ee, hivyo. Tena."

"Nakupenda, na gazeti wamenifukuza."

"Hilo la pili ungeliacha kidogo," alisema, akamshika shati na kumvuta.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya Jumamosi, spika ya mwisho kati ya kumi na sita ilikuwa inapandishwa kwenye roshani ya ukumbi wa michezo. Juu, wanawake sita waliovaa ovaroli mpya za kaki walikuwa wakibishana kuhusu nyaya kwa sauti za watu wanaolipwa. Fundi alishika upande wa mbele, Bwana Sikio wa nyuma, shati limelowa jasho. Siku hizi alikuwa anawafundisha mafundi wa ukumbi kusikiliza, na jioni anasugua mbao kwa msasa chini ya amri ya Mjomba. Katikati ya ngazi alisimama.

"Nina swali."

"Uliza tukifika juu."

"Juu kuna watu."

"Uliza haraka basi, bega linakatika."

"Nioe."

Fundi alipasua kicheko, spika ikayumba. "Mwanaume ndiye anayeoa, wewe!"

"Basi niseme vipi? Ulisema nitumie mdomo. Nataka tuoane. Nataka niamke ulipo."

"Nikiwa na kazi ya kumaliza, kupika ni kwako."

"Napika."

"Unapika nini?"

"Mayai."

"Na nini?"

"Na mayai mengine."

"Ukikosea, unasema umekosea. Hapo hapo, kama ile siku ya kwanza."

"Nitasema."

"Hata mbele ya mama yangu?"

Alifikiri, jasho likimdondoka puani. "Mbele ya mama yako kwanza."

"Nyie huko chini!" Mjomba alipaza sauti kutoka roshani. "Mmelala? Hiyo spika ni ya kuongea juu, si kwenye ngazi!"

"Tunakuja, Mjomba!" Fundi alijibu. Kisha akashusha sauti, macho yakiwa kwa mtu aliyekuwa chini yake na nusu ya mzigo kifuani. "Ndiyo. Ndiyo kabisa. Sasa inua."

Wakainua.